Asilimia 84

Kosa lenyewe halikunichukua hata dakika moja. Niliandika maneno mawili na tarakimu nne: "ifikapo mwaka 2030". Nikahifadhi faili, nikaenda kula.

Wakati huo nilikuwa afisa mipango katika wilaya moja ya mkoa wa Dodoma. Sitaitaja, kwa sababu wilaya haikukosa, nilikosa mimi. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu utoke Mkakati wa Taifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 2012, na kila mtu mezani alikuwa na andiko la mradi. La kwangu lilihitaji takwimu ya kushtua, na nilijua pa kuipata. Taarifa ya kwanza ya Tanzania kwa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ya mwaka 2003, ilikadiria kwamba mavuno ya mahindi yangeshuka kwa asilimia 33 nchi nzima. Nyanda za Juu Kusini zingepoteza 10 hadi 15 tu. Mikoa ya kati ingepoteza hadi 84. Hiyo ilikuwa yetu! Naona haya kusema nilivyofurahi, kama mchuuzi wa nyanya aliyepata moja nono ya kuweka juu ya fungu.

Lakini takwimu ile ilikuwa na sharti. Wataalamu walichukua mfano wa kompyuta unaoiga ukuaji wa mahindi, wakauliza: hewa ya ukaa angani ikiongezeka maradufu, joto likapanda, mvua ikabadilika, zao litakuwaje? Walikuwa wanauliza "ikiwa", hawakuwa wanauliza "lini". Na hadi leo hewa hiyo haijafika maradufu: kabla ya zama za viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni, sasa imevuka 420. Sharti hilo nililisoma, siwezi kujitetea kwamba sikuliona. Ila bangokitita la mfadhili, yaani jedwali la mpango wa mradi, lilikuwa na safu ya muda, na safu tupu humrudishia mtu andiko lake. Nikaijaza.

Tukaenda kijijini kutambulisha mradi. Kikao kilikuwa chini ya mbuyu. Nilipotaja ile 84, mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hayo mahindi yataisha lini?"

"Mwaka 2030, mzee wangu."

Akahesabu kwa vidole, akamtazama kijana aliyekaa karibu yake, akanyamaza. Mtu mzima yule aliniamini.

Dawa yetu ilikuwa mbegu ya mtama. Sasa, kwenda Ugogo kufundisha watu mtama ni kama kwenda Bukoba kufundisha watu ndizi. Wale wamekula ugali wa mtama na uwele tangu enzi na enzi; kama wameupunguza, wana sababu. Bibi mmoja aliniambia sababu hiyo bila hata kusimama: "Mjukuu wangu, nani ataamia ndege?"

Kwa asiyejua: suke la mtama liko wazi juu ya bua, na kwelea kwelea wakishuka shambani kwa maelfu hawabakizi kitu. Ni lazima mtu akae shambani tangu alfajiri hadi jioni, wiki baada ya wiki, akipiga makopo na kurusha mawe. Zamani kazi hiyo walifanya watoto. Sasa watoto wako shuleni, na ndipo wanapotakiwa kuwa. Hindi, kwa upande wake, limejifunika maganda, na soko lake liko palepale mkoani, Kibaigwa, ambako malori hupanga foleni. Mkulima aliyechagua mahindi alikuwa amepiga hesabu zake vizuri kuliko mimi na kompyuta yangu.

Mwingine akasema shida yao si kiasi cha mvua, ni pengo. Mvua huanza Desemba, halafu Januari au Februari inakatika wiki tatu, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Wakasema wanachotaka ni makinga maji, ili mvua ya siku mbili ikae ardhini badala ya kukimbilia korongoni na udongo wao. Katika muhtasari wa kikao niliandika hivi: "Wajumbe walichangia maoni mbalimbali."

Mbegu zilikuja. Msimu wa kwanza ndege walikula. Msimu wa pili mifuko mingi ilibaki ghalani kwa mtendaji, na sina hakika panya waliacha kiasi gani. Taarifa yangu ilihesabu kaya zilizofikiwa, na kaya zilifikiwa kweli, tena kupita lengo. Makinga maji hayakuchimbwa hata moja.

Mtama si zao baya. Unavumilia kiangazi kuliko mahindi, hilo halina ubishi. Wala sisemi tabianchi haibadiliki. Wanakijiji ndio walionionyesha inavyobadilika, kwa kutaja mwezi na wiki, nami nikaona afadhali takwimu iliyotoka mbali.

Kinachonikera zaidi ni safari ya ule mwaka wangu. Miaka michache baadaye nilihudhuria warsha Morogoro. Mtoa mada wa wilaya nyingine akaonyesha ukutani: mahindi kushuka kwa asilimia 84 ifikapo mwaka 2030. Chini yake akaandika kwamba chanzo ni Serikali. Ile taarifa ya Serikali haikuwa na mwaka huo. Nilipaswa kusimama pale pale, niseme. Nilikula sambusa yangu, nikanyamaza, nikasaini posho.

Basi nasema leo. Kama unaandaa mpango wa wilaya yako na umeikuta ile 84 ikiwa na 2030 ubavuni, mwaka huo niliuweka mimi. Ufute.