Muda Ulivyopungua Kuliko Mionzi

Tuliopigwa picha za eksirei enzi za filamu tunaikumbuka amri ile: vuta pumzi, ibane, usitikisike. Ikatujengea imani kwamba usalama wa mgonjwa umo katika ufupi wa muda. Historia inaiunga mkono imani hiyo nusunusu. Mwaka 1896 huko Maastricht, Uholanzi, mtambo wa kwanza wa mji huo ulihitaji muda mrefu ajabu. Watafiti waliuwasha tena, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo: picha ya mifupa ya kiganja ilichukua dakika 90, ilhali mashine ya kisasa ilitumia milisekunde 21. Makadirio ya mionzi kwenye ngozi yalikuwa miligrei 74 kwa mtambo wa kale, na 0.05 kwa mpya. Piga hesabu: muda umepungua zaidi ya mara 250,000, mionzi mara 1,500 hivi. Lau saa peke yake ndiyo ingeamua, tarakimu hizo zingelingana. Hazilingani kwa sababu mashine ya leo hupitisha mkondo mkubwa zaidi wa umeme kwenye tyubu, na mionzi hufuata mkondo ukizidishwa kwa muda. Punguza muda nusu, ongeza mkondo maradufu, volti zikibaki zilezile, mgonjwa hajapunguziwa kitu. Nafuu yenyewe ililetwa na skrini zilizoiongezea filamu wepesi wa kunasa picha, vichujio vya alumini vinavyozuia miale dhaifu inayoishia kwenye ngozi bure, na baadaye vipokezi vya kidijitali.

Atauliza mtu: na mtoto anayefurukuta je? Hoja nzito hiyo. Kwake ufupi wa muda huiepusha picha na ukungu, na picha isiyorudiwa ni mionzi isiyopigwa mara ya pili. Tena daktari anapopitisha katheta moyoni akiitazama kwenye skrini, kila dakika ya mguu juu ya pedali huongeza mionzi. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu ngozi kuungua kwa taratibu za namna hiyo. Lakini hata hapo saa haisemi yote. Mgonjwa akiwa mnene, mashine hujipandishia mionzi yenyewe, hivyo dakika 20 zake si sawa na dakika 20 za mwembamba. Mashine nyingi za sasa huonyesha kipimo cha mionzi kando ya dakika. Kwangu mimi, hicho ndicho cha kuandikwa kwanza kwenye faili.