Ethel Waters na Kazi ya Mpishi



Trimestri iliyopita tulitayarisha mchezo wa teatri. Kila mtu alitaka kuwa chifu ao bibi-arusi. Kazi ya mpishi ikabaki bila mtu. Mwishoni binti mmoja wa mwaka wa tatu akaikubali, na sisi wa mwaka wa sita, tuliowekwa kuangalia wengine, njo tulianza kumcheka. Mupaka leo wengine wanamwita "Mama Sufuria". Juu ya ile tunaandika habari hii.

Ethel Waters alizaliwa mwaka 1896 pa Chester, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mama yake alikuwa angali binti mdogo, aliyelazimishwa na mwanaume. Mtoto akalelewa katika umaskini na mama wa mama yake. Aliolewa mbele ya kufika miaka 14, na ndoa ikavunjika. Pale Philadelphia alikuwa mtumishi wa hoteli kwa dola 4 na senti 75 kwa juma.

Sauti yake ilimtoa pale. Mwaka 1933, katika New York, alicheza "As Thousands Cheer" pamoja na wazungu. Humo aliimba wimbo wa mke anayetayarisha chakula cha jioni, naye anajua kwamba bwana yake ameuawa na kundi la watu wenye chuki na hatarudi tena. Angalieni: jiko tu na chakula, lakini kilio cha watu weusi wote kilikuwa ndani.

Wakati ule sinema ziliwapa wanawake weusi mara nyingi kazi ya mtumishi ao mpishi. Hata hivyo, kwa sinema "Pinky" ya mwaka 1949, Ethel alihesabiwa kati ya wale waliopendekezwa kwa zawadi ya Oscar. Kisha wakamletea Berenice, mpishi katika "The Member of the Wedding". Kwanza alikataa. Hakukataa juu ya sufuria, hapana. Alisema katika mchezo ule hamna Mungu. Walipomruhusu kumfanya Berenice kwa namna yake, alikubali, akaimba jukwaani wimbo wa Mungu anayemwangalia shomoro. Mchezo ulianza Januari 1950, ukaonyeshwa mara 501. Sinema yake ilitoka mwaka 1952.

Mwaka 1957 aliingia katika mikutano ya Billy Graham pale New York, akaketi kati ya waimbaji wa kwaya kama mtu yeyote. Aliimba katika mikutano ile kwa miaka mingi. Alikufa mwaka 1977.

Basi, wandugu, kazi ndogo haiko. Kuko moyo mdogo tu, na ule ulikuwa wetu. Dada wa mwaka wa tatu, tunakuomba radhi mbele ya wote. Siku ya mchezo tutakaa mstari wa kwanza, na atakayekucheka atatukuta.