Mgongo wa Binti Yetu

Tunataka kuwasimulia kosa letu, lisije likarudiwa nyumbani mwenu.

Mwaka 2017 binti yetu alikuwa na miaka 12. Tulimshonea nguo ya Pasaka, na pindo lake likashuka upande mmoja. Tukalifumua, tukalishona tena, likashuka vilevile. Ndipo tukaanza kumkaripia kila siku: «Simama wima!» Naye alinyamaza. Bibi yake alisema ni ndoo za maji alizojitwika. Jirani alinong'ona habari za uchawi.

Mwishowe tulimpeleka hospitali. Daktari alimwambia ainame, miguu pamoja, mikono ikining'inia. Hapo tuliona kwa macho yetu: mbavu za kuume zimeinuka kupita za kushoto. Picha ya mifupa ilionyesha uti wa mgongo umepinda digrii 32. Ugonjwa huo huitwa skoliosi. Kwa vijana wengi chanzo chake hakijulikani. Lakini mzigo hauuleti, wala kukaa vibaya, wala uchawi. Huzidi hasa wakati kijana anaporefuka upesi, na kwa wasichana kuliko wavulana.

Upindo mdogo hupimwa tu mara kwa mara. Ukipita digrii 25, na kijana angali anakua, huvalishwa gamba gumu la plastiki kiwiliwilini. Ukifika 50, mara nyingi hupasuliwa, na mifupa hushikizwa kwa vyuma. Kazi ya gamba ni kuzuia upindo usizidi, si kuuondoa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa Marekani na Kanada, ulionyesha hivi: katika kila vijana 100 waliopewa gamba, 72 walimaliza kukua bila kufika digrii 50, katika 100 wasiopewa, 48 tu.

Binti yetu alilivaa saa 18 kila siku, miaka mitatu, hata usiku wa joto. Siku ya kwanza alirudi kutoka shuleni akilia. Usiku ule tulimwomba msamaha kwa makaripio yetu yote.

Alipoacha kukua alipimwa tena: digrii 34. Hakupasuliwa. Mgongo wake haukunyoka, na hautanyoka. Lakini siku hizi tunakata kitambaa kwa kuufuata mgongo, na pindo linakaa sawa.

Basi, wazazi, kabla ya kumkaripia mtoto, mwambieni ainame, mkamtazame mgongoni. Mkiona upande mmoja umeinuka, msikawie: mpelekeni kwa daktari angali anakua.