Kadi ya michoro iliyogoma kupanda

Nimepotea hapa karibu wiki mbili. Sababu ni kwamba nilikaribia kumfelisha dada yangu mdogo.

Yeye anasomea usanifu wa majengo huko Juja, mwaka wa mwisho. Michoro yake anaitengeneza kwa Blender kwenye laptopu aliyonunuliwa mtumba, yenye kadi ya Nvidia GTX 1060. Picha moja ilikuwa ikichukua dakika 11, na alikuwa na picha 40 za kumaliza kabla ya Ijumaa. Akanilalamikia. Mimi nami, kwa kuwa ndiye mwenye digrii ya kompyuta nyumbani, nikamwambia nipe hiyo mashine wikendi hii, nitaikimbiza.

Mpango wangu ulikuwa kuiflashi. Kwetu Kenya kuflashi ni kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, ili akupigie yeye kwa pesa zake. Hii ni nyingine. Ndani ya kadi ya michoro kuna chipu ndogo yenye programu, BIOS ya kadi, inayoiambia kadi iende kwa kasi gani na ile umeme kiasi gani. Unaifuta, unaandika nyingine mahali pake. Kwa kadi za ukoo wa Pascal, zilizoanza kutoka mwaka 2016, nvflash ya kawaida haikubali BIOS uliyoichokora mwenyewe. Lazima iwe na sahihi ya Nvidia. Kwa hivyo unatafuta BIOS nzima ya laptopu nyingine yenye chipu ileile lakini iliyoruhusiwa wati nyingi zaidi, unaiandika kwa nvflash, halafu unaomba Mungu.

Jumamosi usiku nikaiandika. Mashine ikawaka, skrini ikaja, nikashangilia peke yangu. Kisha nikafungua picha ya kwanza.

Dakika 11 zikapita. Ishirini. Saa nzima. GTX 1060 ya laptopu inapaswa kuanzia 1404 MHz na kupanda hadi 1670. Yangu ilikuwa imekwama chini ya 300, hata ikiwa na kazi tele. Nikairudisha BIOS ya zamani (nilikuwa nimeihifadhi kabla ya kugusa chochote, tafadhali nawe fanya hivyo). Bado 300. Hapo jasho likanitoka. Nikadhani nimeiua.

Jumapili yote nilipigana nayo. Niliondoa draiva, nikaweka nyingine. Nikachomoa betri. Nikafungua feni na kubadilisha ile krimu ya kupoza, ingawa joto lilikuwa nyuzi 47 tu na hakuna aliyelalamikia joto. Dada akipiga simu namwambia, "Iko karibu." Siku ya kumrudishia ilikuwa Jumatatu.

Usiku huo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa: kuiuliza kadi yenyewe. Kwenye Linux andika:

nvidia-smi -q -d PERFORMANCE

Inakupa orodha ya sababu za kadi kujizuia. Kikomo cha wati: hapana. Joto: hapana. Ila mstari mmoja ulisema "HW Power Brake Slowdown: Active". Maana yake breki ya umeme imekanyagwa, na kwa kawaida breki hiyo hukanyagwa kutoka nje ya kadi. Si BIOS ya kadi. Ni kitu kwenye mashine kinachosema umeme hautoshi.

Nikatazama chini ya meza. Chaja iliyokuwa pale ni yangu.

Jumamosi nikiwa ndani ya matatu kutoka Juja, dada alikuwa amenipigia: "Umesahau chaja yangu." Nikamjibu, "Usijali, ninayo, tundu ni moja." Kweli tundu ni moja. Lakini yake ni ya wati 130 na yangu ni ya 65. Prosesa inakula 45 hivi, kadi kama 80. Piga hesabu. Tena kile kipini chembamba cha katikati kina kazi yake: kupitia hicho chaja huiambia laptopu ukubwa wake. Nilipoingia kwenye mipangilio ya BIOS ya laptopu, pale pa chaja iliandikwa wazi: 65 W. Ilikuwa hivyo tangu Jumamosi. Kama ningeipima kasi kabla ya kuflashi, kwa chaja ileile, ningeona 300 zilezile.

Jumatatu alfajiri nilishuka Juja na laptopu begani. Tukachomeka chaja yake kwenye chumba chake cha hosteli, kadi ikaruka hadi 1600 na kitu, na picha ikamalizika kwa dakika 11 kama zamani. Akaniuliza shida ilikuwa nini.

"Umeme," nikamwambia.

"Na ile kuikimbiza?"

BIOS ya zamani ndiyo iko ndani hadi leo. Picha zote 40 zilichapishwa Alhamisi usiku.