Reli ya Benguela na Mkataba wa Miaka 99

Angola haipakani na Tanzania, lakini kuna reli moja huko ambayo msomaji wa hapa hawezi kuiita ya mbali. Kwa karibu karne nzima mwenye reli hiyo alikuwa kampuni ya London iliyobeba jina la ziwa letu: Tanganyika Concessions. Ilianzishwa mwaka 1899, miaka ishirini na mmoja kabla ya Waingereza kulipa jina hilohilo koloni walilowanyang'anya Wajerumani. Mwanzilishi wake, Robert Williams, alikuwa Mskoti na rafiki wa Cecil Rhodes, yule aliyeota reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo kwa kupitia ncha ya kusini ya ziwa. Reli hiyo ya ndoto haikufika. Williams alichokipata ni shaba ya Katanga, na shida yake ikawa moja tu: kuifikisha baharini.

Njia fupi ya kwenda Ulaya ilikuwa magharibi, kupitia koloni la Wareno. Tarehe 28 Novemba, 1902, serikali ya Ureno, iliyokuwa na nchi kubwa mkononi na hazina tupu, ilimpa Williams haki ya kujenga reli na kuiendesha kwa miaka 99. Asilimia 90 ya hisa zikawa za Tanganyika Concessions na 10 za serikali. Muda ukiisha, reli yote ingerudi serikalini.

Palikuwa na Wareno wengi walioutazama mkataba huo kwa jicho la shaka, nao hawakukosea kushuku. Mwaka 1898 Uingereza na Ujerumani zilikwisha kukubaliana kwa siri namna ya kugawana makoloni ya Ureno endapo Ureno ingeshindwa na madeni. Kuwakabidhi Waingereza reli inayopasua Angola katikati kulikuwa sawa na kumpa jirani mwenye tamaa ufunguo wa chumba cha ndani. Lakini asiye na fedha hachagui sana, na saini ikatiwa.

Msafiri anayeanza safari Lobito huona mara moja kwa nini wahandisi walipapenda mahali hapo. Ulimi mrefu wa mchanga umejinyoosha baharini ukaikinga ghuba, na meli kubwa huweza kukaa ndani kwa utulivu bila ya kazi nyingi ya binadamu. Mji wa kale wa Benguela, ulioipa reli jina, uko kiasi cha kilomita 30 kusini. Kutoka hapo nchi ni kavu, kisha hupanda ghafula kuelekea nyanda za juu. Katika mpando huo injini za kwanza hazikuweza kuvuta kwa nguvu za magurudumu peke yake. Ilibidi itandikwe reli ya meno katikati ya njia, injini iikamate na kujikokota juu kama mtu anayepanda ngazi. Reli hiyo ya meno iliondolewa mwaka 1948 tu. Hapakuwa na makaa ya mawe karibu, hivyo kampuni ikapanda misitu ya mikalitusi kandokando ya njia, na kwa miongo mingi magarimoshi ya Benguela yalikwenda kwa kuni.

Habari za ujenzi husimuliwa zaidi kwa majina ya wahandisi. Yafaa kukumbuka kwamba katika Angola ya Wareno kazi za shuruti zilikuwa jambo la kawaida, wala hazikufutwa kisheria hadi miaka ya 1960. Anayesoma habari za wahandisi tu huwa amesoma nusu ya habari.

Juu ya nyanda, kabla ya Huambo, garimoshi husimama Caála. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Vila Robert Williams. Mtu huyo hakuwa gavana wala jemadari wa Ureno, lakini alipewa mji. Huambo wenyewe, ulio kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ulianzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya reli. Karakana kuu ikajengwa hapo, na Wareno wakauita Nova Lisboa, yaani Lisbon Mpya.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha kazi, na fedha zilipungua mara kwa mara. Hatimaye njia ilifunguliwa rasmi hadi mpaka wa Kongo mwaka 1929, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka baharini, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga. Saa ilikuwa mbaya, maana bei ya shaba ilikuwa imeanguka duniani kote. Aidha, Wabelgiji walikuwa na reli yao ya kwenda mto Kasai, iliyofunguliwa mwaka 1928, na walipenda shaba yao ipite katika ardhi yao hadi Matadi, hata kama ilibidi ishushwe kutoka mabehewani, ipakiwe katika meli za mtoni, kisha ipakiwe tena mabehewani. Nauli zilipangwa ili shehena ifuate bendera. Hapo Williams alijifunza jambo ambalo mkataba wake haukulitaja: serikali ya Ureno ilimpa njia, lakini shehena ilikuwa mikononi mwa serikali nyingine. Alifariki mwaka 1938, kabla ya reli yake kuona neema.

Neema ilikuja baadaye, tena kwa msiba wa wengine. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilianza kutafuta mlango usiopita kwa Smith. Siku ya Krismasi ya mwaka 1966 wapiganaji wa UNITA waliushambulia mji wa mpakani wa Teixeira de Sousa, ambao sasa ni Luau. Njia ilipovurugwa, shaba ya Zambia ilikwama pamoja na ya Kongo, na mwaka 1967 serikali ya Lusaka ikamfukuza Jonas Savimbi nchini mwake. Serikali iliyowaunga mkono wapigania uhuru ililazimika kuwazuia wasiiguse reli ya mabepari katika koloni la Mreno. Wazee waliofuatilia siasa za wakati ule wanaujua ugumu wa jambo hilo, nao ni sehemu ya sababu zilizofanya TAZARA ijengwe.

Mwezi Agosti 1975, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Angola, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliifunga njia. Shehena ya Zambia ilimiminika Dar es Salaam hadi bandari ikalemewa, na mwaka 1978 Rais Kaunda akaufungua tena mpaka wa kusini.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ufalme wa Ureno ulioutia saini mkataba ulipinduliwa mwaka 1910. Jamhuri ikafuata, kisha udikteta wa Salazar, kisha mapinduzi ya wanajeshi ya mwaka 1974. Halafu ikaja serikali ya MPLA, iliyotaifisha mabenki, mashamba na viwanda. Mkataba wa 1902 haukuguswa na yeyote kati ya hao. Asilimia 90 zilibaki kwa Tanganyika Concessions, ambayo nayo ilikwisha mezwa na Société Générale ya Ubelgiji. Kwa maoni yangu, serikali ya Luanda ilipiga hesabu ya mkulima: kuitaifisha reli iliyovunjwa madaraja ni kununua ugomvi na kulipa fidia ya vyuma chakavu, ilhali kusubiri hakugharimu kitu. Wenyehisa wa Ulaya walimiliki njia isiyopitisha shehena yao, na serikali ilimiliki saa.

Saa ilitimia tarehe 28 Novemba, 2001, na reli ikarudi serikalini. Miezi mitatu haijatimia, Savimbi aliuawa katika mkoa wa Moxico, ambao reli hiyo hupita, na mwezi Aprili 2002 amani ikatiwa saini. Mabomu ya ardhini yalifukuliwa kandokando ya njia. Kampuni ya Kichina ikaitandika upya kwa kiasi cha dola bilioni 1.8; mwaka 2013 garimoshi lilifika tena Luau, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana huko kuifungua.

Lakini Angola haikuiendesha peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 2022 ilitia saini mkataba mwingine na wageni, safari hii na makampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, nayo yakakabidhiwa usafirishaji wa mizigo mwezi Julai 2023. Muda ni miaka 30, nao waweza kufika 50 wakijenga tawi la kwenda Zambia. Abiria wamebaki na shirika la serikali. Mwezi Desemba 2024 Rais Biden wa Marekani alifika Lobito, na Makamu wa Rais wetu wa wakati huo, Dakta Philip Mpango, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mkutano huo. Mwaka uliofuata TAZARA nayo ikawekewa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina. Shaba ileile ina milango miwili tena, mmoja magharibi na mmoja kwetu, na kila mlango una mgeni aliyeshika komeo.

Ng'ambo ya Luau, upande wa Kongo, reli ni chakavu na mwendo ni wa polepole. Msafiri mwenye subira hufika Kolwezi, kwenye migodi ya shaba na kobalti ambayo kwa ajili yake njia yote hiyo ilitandikwa. Hapo, baada ya siku kadhaa za Kireno na Kifaransa, husikia wachukuzi wa stesheni wakiulizana kwa Kiswahili behewa lipi lipakiwe kwanza.