Daftari Letu la Hina, Karagwe na Kyerwa



Nilipoolewa Kayanga, Karagwe, nilibeba sanduku la nguo na kopo la unga wa hina. Mie mtoto wa Unguja. Nimekua nikimtazama shangazi yangu akikanda hina asubuhi kwa ndimu na sukari, mchana anaipaka. Basi nikajiona fundi.

Wifi yangu alipoposwa, nikasema mikono yake ni yangu. Nilikanda saa tatu asubuhi, nikampaka saa nane mchana, kama tunavyofanya nyumbani. Jioni ikaingia baridi ya Karagwe, ile ya kutafuta sweta. Asubuhi tulipokwangua, biharusi alikuwa na mikono ya rangi ya chungwa, tena hafifu. Mama mkwe akaitazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, labda hina ya pwani haipendi baridi yetu."

Niliona haya, lakini alikuwa kasema kweli. Hina hutoa rangi kwa joto. Kinachochukua saa chache Unguja, huku nyanda za juu kinataka kulala usiku kucha, na mikono nayo ihifadhiwe joto. Shangazi hakunificha hilo. Hakulijua tu, kwa sababu hajawahi kukanda hina penye baridi.

Tulikuwa na kundi letu la simu, wanawake tunaopenda hina: Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Kaisho, hadi Murongo mpakani na Uganda. Wengi wetu tulipaka kwa mapenzi tu, wachache walipata senti mbili tatu msimu wa harusi. Kila wiki swali lilikuwa lile lile: hina yangu haishiki, nifanyeje? Majibu mazuri yalitolewa, kisha yakazama chini ya salamu, picha za keki na dua za Ijumaa. Wiki ya pili tunaanza upya.

Siku moja binti akauliza afanyeje piko liwe jeusi zaidi. Mwenzetu akamjibu atie unga wa rangi ya nywele, mwingi. Mimi niliuona ujumbe ule. Nilijua ni hatari, kwa kuwa nyumbani nilishaona mtu kaungua. Lakini nilikuwa na mtoto mgongoni na chungu motoni, nikasema nitajibu baadaye. Sikujibu. Siku ya nikaha yake, yule biharusi alikaa na malengelenge mikononi, amefunikwa mtandio mwepesi ili wageni wasione. Michoro yote ilimvimba juu ya ngozi. Alama hazikutoka upesi.

Hakunilaumu, wala hakujua kama niliuona ujumbe. Mimi ndiye ninayejua.

Wiki ile nikanunua kauntabuku, nikaomba wenzangu tukutane kwangu Kayanga. Tulikuja saba. Tukakubaliana kila jambo tunalolijua liandikwe mahali pamoja, kisha kurasa zipigwe picha ziwekwe kundini, na anayeuliza aelekezwe ukurasa.

Ukurasa wa kwanza tuliandika hivi: jani la hina halitoi weusi. Rangi yake huanza chungwa, ikakolea kuwa nyekundu ya udongo au kahawia kwa siku mbili hivi. Ikishika nyeusi ti ndani ya muda mfupi, hapo mna kitu kingine, mara nyingi kemikali iitwayo PPD ya rangi za nywele. Huchoma, na aliyedhurika nayo mara moja anaweza kudhurika tena akija kupaka rangi kichwani.

Muuguzi mmoja wa Kyerwa akaongeza la pili, ambalo wengi hatukulijua: mtoto mchanga asipakwe hina. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu uitwao G6PD, na hina inaweza kuwavunjia chembe za damu.

Tukaweka na masharti. Kila anayeandika aseme kajaribu wapi na wakati gani, kwa sababu Unguja si Karagwe, na kiangazi si masika. Lililoharibika nalo liandikwe, kwa hiyo mikono ya wifi yangu imo, pamoja na jina langu. Tukigundua kosa hatufuti, tunapiga mstari juu yake tukaweka tarehe, ili mtu aone tulikotoka. Na mambo ya dini hatujitungii. Tuliuliza kuhusu udhu, tukaandika jibu: rangi ya hina haizuii maji, lakini tope lake na rangi zinazoacha tabaka juu ya kucha ziondolewe kwanza.

Hatukuelewana kwa yote. Mama mmoja wa Nkwenda alikataa kutoa siri ya mchanganyiko wake. "Huo ndio unaninunulia madaftari ya watoto," alisema. Nikaudhika, kisha nikamwelewa. Tukaamua kila mtu abaki na michoro na mbinu zake akitaka, ila la usalama lisifichwe na yeyote.

Wanaume wa mbali wameandika sana juu ya Karagwe. Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, akampima mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme, akaandika unene wake kitabuni. Mwili wake tunausoma mpaka leo. Alichokijua yule mama hatukioni popote.

Na Mola wetu ametufunza kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni, dogo au kubwa, bila kuchoka. Mimi naona ninalolijua likimfaa mwenzangu ni deni langu kwake. Nilichelewa kulilipa mara moja, na mwingine ndiye aliyeungua.

Juzi mama mkwe aliingia tukiwa tunaandika, akatuwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa kwa ajili ya wageni. Akachungulia daftari, akauliza, "Na hii mnaiandika?" Tukafungua ukurasa mpya.

Mabiharusi wangu, kabla hujanyoosha mkono, muulize mpakaji ametia nini. Akisita, urudishe mkono wako. Hina iliyokolea kidogo si aibu, na waridi halihitaji kupakwa rangi.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na mikono yenu. Aamin.