Maji Saba na Mlima wa Theluji



Kila mtoto aliyesomeshwa fiqhi katika vyuo vya pwani yetu amepita mlango wa tahara, na katika mlango huo amehifadhi maji saba yafaayo kujitahirishia. Kitabu cha Matn Abi Shujaa kimeanza nayo: maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Yale matano ya mwanzo mtoto wa Lamu au wa Unguja ayajua kwa macho au kwa khabari ya karibu. Ama ya sita huyataja kwa ulimi tu. Kadhalika katika dua za kufungulia Sala iko moja ambayo mja huomba aoshwe madhambi yake kwa maji, na theluji, na mvua ya mawe. Na neno lenyewe "theluji" limetujia kwa Waarabu, nao husema "thalji". Basi wengi wetu tulikuwa nayo theluji ulimini miaka mingi kabla hatujaiona kwa macho.

Twayataja haya kwa sababu vijana wetu wanaokulia Ulaya wameanza kusema neno ambalo yafaa wazazi walisikie. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita, katika hao tunaowasomesha Qur'ani mjini Zürich katika nchi ya Uswisi, alitwambia waziwazi: "Maalim, dini hii ni ya pwani. Huku kwenye baridi hapana aliyetufikiria." Hakulisema kwa jeuri. Alilisema kama mtu aliyechoka kujieleza. Shule yao ikiwapeleka milimani, yeye kila chakula huambia wenziwe kuwa hana njaa, na Sala zake zote huzikusanya usiku chumbani mwake. Kumwambia kijana wa namna hiyo "hivyo haifai" ni jepesi, lakini halimponyi. Haja yake ni kuona.

Mwishoni mwa Januari 2024 alitutembelea rafiki yetu kutoka Lamu, ambaye tulisoma naye chuo kimoja utotoni. Vijana walikuwa wamekwisha panga kwenda Grindelwald Jumamosi na Jumapili kwa mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ubao, ambao wenyewe huuita snoubodi, wakatualika sote wawili. Tulipanda garimoshi alfajiri, tukapita Bern na Interlaken, na jua lilipopanda tulikuwa chini ya mlima wa Eiger, ambao kimo chake ni mita 3,967.

Rafiki yetu aliposhuka kituoni hakuutazama mlima. Aliinama, akavua glavu, akachota theluji akaifumbata. Alingoja mpaka maji yakaanza kumchuruzika vidoleni, kisha akasema taratibu, "Haya ndiyo ya sita."

Yule kijana akauliza, "Ya sita ya nini?"

Rafiki yetu akamsomea yote saba kwa sauti ile ile tuliyokuwa tukiimbia chuoni, na mikono yake imekuwa myekundu kwa baridi. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Lamu hakuna theluji. Waliwasomesha ya nini?"

Akamjibu, "Kwa ajili yako wewe. Sisi tulikuwa twakuwekea tu."

Ndugu zetu, katika miaka yote ya kusomesha hatujasikia sherehe ya mlango ule iliyo fupi na yenye kutosha kuliko hiyo.

Ama mchezo wenyewe si wa kale. Mwaka 1965 mtu mmoja wa Muskegon, katika jimbo la Michigan huko Marekani, jina lake Sherman Poppen, aliziunga pamoja mbao mbili za kutelezea ili binti zake wasimame juu yake. Mwaka 1998 mchezo huo ukaingizwa katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani. Mchezaji hufungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, akateremka ubavu-ubavu. Ubao una kingo mbili za chuma: akitaka kusimama huegemea visigino au vidole, ukingo ukauma theluji. Mwenye kuanza huanguka sana, na aghlabu huumia vifundo vya mikono, maana hujikinga kwa viganja. Kwa hiyo hufundishwa kuanguka na ngumi zimefumbwa. Rafiki yetu alisimama mara tatu na kuketi mara tatu, na mara ya nne akasema kuwa mashua haina ukaidi kama huu.

Mchezo wenye kutia nguvu mwili hauna ubaya, na vazi lake lasitiri mwili mzima, wanaume kwa wanawake. Lakini roho ni amana. Njia za mlimani zimetiwa rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mafundi. Khatari ya maporomoko ya theluji nayo hutangazwa kila siku katika majira ya baridi kwa daraja, tangu moja mpaka tano. Mwenye kuacha njia zilizowekewa alama bila ya ujuzi amejitia khatarini, na huo si ushujaa.

Siku za Januari huko ni fupi. Tangu adhuhuri mpaka magharibi hazitimii saa tano, ilhali kwetu pwani ni kiasi cha saa sita. Nasi tulikuwa wasafiri, zaidi ya kilomita mia kutoka tunakokaa, basi tukaipokea ruhusa ya Mwenyezi Mungu ya kupunguza na kukusanya. Kabla ya kutoka nyumba ya wageni tulitawadha, ndipo tukavaa viatu vya mchezo. Viatu hivyo huvuka vifundo vya miguu, havipitishi maji upesi, na mtu aweza kutembea navyo. Basi adhuhuri haikuwa lazima kuvivua: tulipaka maji juu yake, kama ilivyoruhusiwa msafiri siku tatu na mkaazi siku moja. Maji yenyewe tuliyayayusha katika chupa ya chai, maana theluji haitoshi kuosha kiungo mpaka iyayuke na kutiririka juu yake.

Tukatandika miswala kando ya ukuta wa kibanda, mbali na njia ya wachezaji. Kijana alitazama kulia na kushoto, kisha akaingia safuni. Wakati ule wakapita wenziwe wawili wa shuleni. Walisimama, mmoja akavua kofia yake, wakangoja mpaka tukatoa salamu. Kisha walimwuliza jambo moja tu: kama magoti hayakufa kwa baridi. Akacheka, wakateremka pamoja.

Jioni ikaja habari ya chakula. Vyakula vya milima hiyo ni vizito, vya watu wa kazi ngumu na baridi. Iko fondue, jibini iliyoyayushwa chunguni, huchovywa mkate. Iko raclette, jibini inayotiwa moto na kukwanguliwa juu ya mbatata. Iko rösti, mbatata zilizoparwa na kukaangwa. Na iko Älplermagronen, chakula cha wachungaji wa milimani: makaroni na mbatata kwa jibini, malai na vitunguu, huliwa pamoja na matofaa yaliyopondwa. Rafiki yetu aliona ajabu ya tamu na chumvi katika sahani moja, mpaka tulipomkumbusha wali na ndizi mbivu.

Kijana alikuwa amekwisha fungua kinywa kusema hana njaa. Rafiki yetu akamwambia, "Muulize mwenye nyumba, mwanangu. Kuuliza si kutukana."

Akauliza kwa Kijerumani, kwa adabu. Bibi mwenye nyumba akaeleza pasi na kuudhika: fondue yake ina mvinyo na pombe ya cheri. Makaroni hutiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, lakini hutiwa mwisho, naye aweza kupika bila yake. Rösti huikaanga kwa mafuta ya nguruwe, lakini siagi anayo na kikaango safi anacho. Wako wasemao kuwa mvinyo hupotea motoni. Sisi twasema kwamba katika madhehebu yetu ni najisi tangu kabla haujatiwa chunguni, basi tuliiacha. Ama jibini, iliyogandishwa kwa kitu kitokacho katika tumbo la ndama, wanavyuoni wamekhitalifiana. Tulifuata kauli ya walioruhusu, kwa kuwa Sura ya Al-Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na ambaye moyo wake hautulii na aache. Tulikula tukashiba, na bibi yule alituletea sahani ya pili bila ya kuombwa.

Enyi wazazi, hasa mlio na watoto ughaibuni, msiwafunge vijana nyumbani kwa kuogopa milima ya watu, wala msiwapeleke huko mikono mitupu. Wafundisheni hukumu za safari, kupaka juu ya viatu, na namna ya kuuliza kilichomo chunguni kwa ulimi mzuri. Mtoto anayejua ruhusa za dini yake haoni haya, na asiyezijua huona dini ni mzigo, akautua penye mwinuko wa kwanza. Nanyi waalimu wenzetu, msilipite lolote katika vitabu kwa kusema "hili halipo kwetu." Hamjui ni mtoto gani mnamwekea.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu barani na baharini, katika joto na katika baridi. Amin.